Kura ya Mtoto wa Miaka Mitatu

Je, ni haki nafasi ya mtoto shuleni iamuliwe kwa kura? Sisemi kura ya kupiga, ile ya kuchagua mheshimiwa. Nasema kura ya kuvuta: namba zinachanganywa, namba moja inatoka, na jina la mtoto wako limo ama halimo. Na mtoto mwenyewe ana miaka mitatu. Bado anavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

Swali hili sikulipata darasani. Chuo niliacha mwaka wa pili. Nimelipata kazini. Kwa mwaka mmoja na nusu sasa, sehemu ya kodi yangu ya nyumba inalipwa na maelezo mafupi ya shule za Marekani, ambayo namwandikia mteja nisiyewahi kumwona uso. Maneno 150 kwa kila shule, yasomwe na watu wa huko wanaotafuta nyumba na wanataka kujua watoto wao watasoma wapi. Natumiwa jedwali: idadi ya wanafunzi, umri wao, asilimia ya weusi, ya weupe, ya Walatino, ya Waasia, na asilimia ya wanaotoka familia za kipato cha chini. Kazi yangu ni kuligeuza jedwali liwe sentensi zinazotabasamu.

Shule nyingi zinaniruhusu kutabasamu bila shida. Zilizonikwamisha ni chekechea za chata za mijini, hasa za Washington, mji mkuu wao. Nikaanza kusoma zaidi ya nilicholipwa kusoma, na hapo ndipo usingizi uliponipotea.

Kwanza tuelewane. Shule ya chata ni shule ya umma kwa pesa na ya watu binafsi kwa uendeshaji. Serikali inalipa kwa kila mtoto, shirika fulani linaendesha kwa mkataba, na likishindwa kutimiza masharti mkataba unaweza kufutwa. Mzazi halipi karo. Jimbo la kwanza kupitisha sheria ya shule hizi lilikuwa Minnesota, mwaka 1991. Washington iliruhusiwa katikati ya miaka hiyo ya 1990, na leo karibu nusu ya wanafunzi wote wa shule za umma mjini humo wako kwenye chata. Kisha mwaka 2008 baraza la mji likapitisha sheria ya kupanua masomo ya bure kwa watoto wa miaka mitatu na minne. Kwa hilo Washington imekuwa kileleni Marekani kwa miaka mingi: huwezi kupata kwa urahisi mji mwingine kule ambako watoto wengi wa umri huo, kwa kiwango, wanakaa darasani bila mzazi kulipa. Kuna hata shirika, AppleTree, ambalo shule zake za chata zinachukua watoto wa miaka mitatu na minne tu, basi.

Lakini bure si sawa na uhakika. Kwa shule nyingi mjini humo, haki ya mtoto kupata kiti katika shule ya mtaa wake inaanza akifika miaka mitano. Chini ya hapo anaomba. Na shule ya chata haina mtaa: mtoto yeyote wa mji ana ruhusa ya kuomba, na waombaji wakizidi viti, inavutwa kura.

Siwezi kuidharau hiyo kura, maana imetengenezwa kwa akili nyingi. Tangu 2014 mji una mfumo mmoja, My School DC. Mzazi anaorodhesha mpaka shule 12 kwa mpangilio anaoupenda, kila mtoto anapewa namba ya bahati, kisha kompyuta inapanga. Mwenye ndugu shuleni tayari anatangulizwa, na wengine wanafuata namba zao. Hesabu iliyo nyuma ya mfumo huu ina mizizi kwenye makala ya 1962 ya David Gale na Lloyd Shapley, makala ambayo ilizungumzia kuingia vyuo na, amini usiamini, ndoa. Shapley na Alvin Roth wakatuzwa Nobel ya uchumi 2012 kwa kazi ya aina hiyo. Uzuri wake ni kwamba mzazi hana sababu ya kucheza rafu. Andika shule unayoitaka kweli, kwa mpangilio wa kweli. Hakuna kumjua mwalimu mkuu wala kumpelekea mtu kuku.

Wazee wetu wangeipenda. Walisema kupata si kwa werevu na kukosa si ujinga, na hapa kuna mashine inayotekeleza methali hiyo neno kwa neno. Aliyepata hana cha kujigamba, na aliyekosa hana cha kuona haya. Ukilinganisha na mitihani ya kuingia PP1 ambayo baadhi ya shule za kibinafsi hapa Nairobi huwapa watoto wasiojua hata kufunga zipu, kura ina heshima kubwa. Haimhukumu mtoto.

Basi shida iko wapi?

Shida ilianza niliposoma kuhusu Boston. Boston pia ilitumia namba za bahati kugawa viti vya chekechea za umma pale ambapo waombaji walizidi nafasi. Hizo hazikuwa chata, ila kura ni ile ile. Watafiti watatu, Guthrie Gray-Lobe, Parag Pathak na Christopher Walters, wakafuatilia watoto zaidi ya 4,000 wa miaka minne walioomba kati ya 1997 na 2003, mpaka wakawa watu wazima. Kwa mtafiti kura ni zawadi: waliopata na waliokosa wametenganishwa na bahati peke yake, kwa hiyo tofauti ikitokea baadaye, unajua imetoka wapi.

Kwenye alama za mitihani ya shule, hawakuona tofauti ya maana. Hapo mtu angefunga kitabu aende zake. Lakini waliopata chekechea walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kumaliza sekondari. Walikuwa na uwezekano mdogo wa kufungwa wakiwa vijana. Na kujiunga na chuo mara tu baada ya sekondari kulipanda kwa alama 8 za asilimia. Yaani, kati ya kila watoto 100 walioingia chekechea kwa sababu ya kura, takriban wanane zaidi walienda chuo mara tu baada ya sekondari kuliko ambavyo wangeenda kama kura ingewakataa.

Nilisoma hilo mara tatu. Mimi nikiulizwa kwa nini chuo hakikuisha, nina majibu: karo, mkopo wa serikali uliochelewa, ndugu wawili nyuma yangu. Naweza kukuonyesha siku na risiti. Lakini fikiria mtu wa Boston, sasa ana miaka thelathini hivi, ambaye hakuenda chuo. Huenda ni mmoja wa wale wanane. Huenda siye. Hakuna mtu duniani anayeweza kumwambia. Takwimu inasema wapo, lakini haiwezi kumnyooshea kidole hata mmoja. Yeye mwenyewe atasimulia maisha yake kwa majibu kama yangu, karo na mkopo na familia, na hatajua kwamba kuna namba ilitoka vibaya siku ambayo alikuwa anacheza na matope.

Nikamsimulia jirani yangu. Ni mama wa watoto wawili, anauza chapati pale chini ya ploti yetu Githurai, na mdogo wake yuko PP1 kwenye shule ya mtaani ya mabati, ile inayolipisha kwa muhula na kudai kwa wiki. Nilitarajia aseme Wamarekani wana bahati. Alikuwa anasukuma chapati, hakuinua kichwa.

"Sasa ukikosa hiyo kura, unaenda kugombana na nani?"

"Na hakuna mtu, mama. Ni kompyuta."

"Aii, mwanangu. Hiyo mimi siitaki. Hapa mtoto akifukuzwa najua ni karo. Naenda kwa mwalimu, tunapigizana kelele, naomba nilipe pole pole, anarudi darasani. Hiyo yenu ya kompyuta itanisikia?"

Nilimwambia si yangu. Akacheka, akanipa chapati ya jana kwa bei ya jana.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuna neno lake, na nadhani ameshika kitu ambacho watu wa Nobel hawakuulizwa. Dhuluma ya kawaida ina sura mbili: kuna aliyedhulumu na kuna aliyedhulumiwa. Unajua mlango wa kubisha. Kura inafuta sura zote mbili. Hakuna aliyekunyima, kwa sababu namba haina nia mbaya. Na hakuna aliyenyimwa, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba ni yeye aliyepoteza. Kinachobaki ni "bahati mbaya," na mbele ya bahati mbaya mtu mstaarabu anainamisha kichwa na kwenda nyumbani.

Ila viti vya chekechea si mvua. Mvua ikikosa kunyesha Kitui, tunaweza kusema ni majaaliwa, ingawa hata hapo siku hizi tunabishana. Idadi ya viti katika chekechea ya mji tajiri ni namba iliyoandikwa na watu wenye kalamu, kwenye bajeti, ndani ya chumba chenye viyoyozi. Walikaa, wakahesabu, wakasimama mahali fulani. Kura inakuja baada ya hapo, inawakuta wazazi wakigombania kile kilichobaki, na inagawa kwa usawa kabisa. Usawa wa ugawaji unatusahaulisha kuuliza kwa nini kilikuwa kidogo.

Najua utaniambia sisi wenyewe tunavuta kura kila mwezi. Kweli. Chama chochote cha akina mama hapa mtaani kinaanza hivyo: karatasi zenye namba zinakunjwa, zinatiwa kwenye sufuria, kila mmoja anachukua yake. Wa namba moja anabeba pesa mwezi huu, wa kumi na mbili anasubiri mpaka Desemba. Sijawahi kusikia mtu akiita hiyo dhuluma.

Lakini angalia vizuri. Kura ya chama inaamua zamu. Haiamui nani atakosa. Wa namba kumi na mbili anaumia kwa kungoja, kisha anapata kile kile, na wa namba moja anaendelea kuchanga mpaka wa mwisho apate. Ndiyo maana aliyebeba kwanza akitoroka, mtaa mzima unamwita mwizi, ingawa pesa alipewa kwa kura halali mbele ya mashahidi. Bahati yake ilikuwa deni.

Kiti cha mtoto wa miaka mitatu hakiwezi kuwa cha zamu. Mtoto ana miaka mitatu mara moja tu. Ukimwambia asubiri, unampa kitu kingine. Kwa hiyo ile kura ya Washington inafanana na ya chama kwa sura, lakini ndani yake haina ile miezi kumi na miwili. Inamaliza siku moja.

Sasa turudi kwenye jedwali langu, maana hapo kuna jambo la pili. Kura ni sawa kwa walio ndani ya sufuria. Nani anaingia kwenye sufuria?

Kwenye karatasi, kila mzazi wa mji. Kwenye barabara, hebu tuone. Maombi yanafunguliwa Desemba na kufungwa mapema Machi, kwa mtoto atakayeanza miezi kadhaa baadaye. Lazima ujue hivyo, na ujue mapema. Halafu kuna safari. Yale mabasi ya manjano tunayoyaona kwenye filamu, Washington kwa kawaida inayatoa kwa wanafunzi wenye ulemavu. Wengine wanapanda treni na mabasi ya mji, na wa miaka mitatu hapandi peke yake. Mzazi anaenda naye na kurudi, asubuhi na jioni. Upande wa mashariki wa mto Anacostia, ambako wakaazi wengi ni weusi na kipato ni cha chini, mzazi anayefanya kazi ya zamu anaweza kuwa na uhuru wote wa kuchagua shule bora upande wa pili wa mji, na asiwe na saa mbili za kuufikia uhuru huo. Hatachagua. Na jedwali litasema "hawakuomba."

Kuna kitu kingine kuhusu jedwali: linajilisha lenyewe. Mwaka 1971 mchumi Thomas Schelling alionyesha kwa mfano mwepesi, aina mbili za alama zikihamahama kwenye mistari na vijisanduku, kwamba hata kama kila mtu ana upendeleo mdogo tu, anataka asiwe peke yake sana kati ya majirani wasiofanana naye, watu wataishia kwenye makundi yaliyotengana kabisa. Hahitajiki mbaguzi hata mmoja. Mzazi anasoma ukurasa wangu, anaona asilimia fulani, anasema "sijui kama mtoto wetu atajisikia nyumbani pale," anaorodhesha shule nyingine. Mwaka unaofuata asilimia imesogea kidogo. Naletewa jedwali jipya, naandika upya, mzazi mwingine anasoma. Mji huu ni ule ule ambao Mahakama ya Juu ya Marekani iliukataza kutenganisha watoto kwa rangi shuleni mwaka 1954, kwenye kesi ya Bolling dhidi ya Sharpe, siku moja na ile maarufu zaidi ya Brown. Sheria iliondoa ukuta. Haikuweza kuwaondoa wazazi wanaochungulia kabla ya kuingia.

Nikisema hivyo sitaki kuuonea mji. Wameliona. Tangu mwaka wa masomo 2022–23, shule zinaweza kutenga viti au kuwatanguliza kwenye kura watoto walio hatarini kwa fasili ya sheria yao: wasio na makao, walio chini ya malezi ya serikali, na wanaotoka familia zinazopokea msaada wa chakula au wa pesa. Yaani wamekubali kwamba sufuria peke yake haitoshi, na kwamba wakati mwingine lazima mkono uingie na kusogeza karatasi. Watu fulani wanasema huko ni kuharibu kura. Mimi naona ndiyo mara ya kwanza mtu mwenye jina anasimama nyuma yake na kusema, huyu aingie, na mimi nitajibu nikiulizwa.

Na sisi? Si tuna haki ya kucheka mtu. Masomo ya bure ya 2003 yalianzia darasa la kwanza, chekechea ikaachwa nje. Katiba ya 2010 ikazikabidhi kaunti elimu hiyo ya awali. Mtaani kwetu, jibu la kila siku limebaki karo. Hatuchapishi asilimia za makabila wala za kipato kwenye ukuta wa shule, lakini hatuhitaji. Karatasi ya karo ndiyo takwimu yetu. Nionyeshe muhula unalipwa ngapi, nikwambie watoto wanashuka kwenye gari gani, wanaongea lugha gani nyumbani, na wazazi wao wanapigiana simu wakitafuta kazi au wakiitoa. Chujio letu halina hata adabu ya kujifanya bahati.

Kwa hiyo ukinibana, nikichagua kati ya kura yao na karo yetu, nachukua kura. Bila kusita. Mtoto wa jirani yangu kwenye kura angekuwa na nafasi sawa na mtoto wa wakili, na kwenye karo hana. Lakini huo ni uchaguzi kati ya milango miwili ya nyumba iliyojengwa ndogo makusudi. Nikishakubali mlango ulio bora, bado naruhusiwa kuuliza kuhusu nyumba.

Nadhani jibu la swali langu ni hili. Kura ni haki pale ambapo kitu ni kidogo kwa asili yake na hakuna mkono ungeweza kukiongeza. Au pale ambapo, kama kwenye chama, aliyetangulia anaendelea kuchanga kwa ajili ya aliyebaki. Kura ikitumika kugawa uhaba tuliouandika wenyewe, inakuwa njia ya kunawa mikono: safi, ya kisasa, yenye Nobel, lakini kunawa mikono. Na mzazi aliyeshinda hajatenda kosa lolote. Alichopata ni halali. Ila amebeba kwanza, na waliobeba kwanza wana deni. Deni hilo si kumtoa mtoto wake darasani. Ni kuendelea kupiga kelele kwenye bajeti ya mwaka ujao, wakati yeye tayari hana haja na kiti, ili viti viongezeke. Wengi wetu tukishapata kiti tunanyamaza. Hapo ndipo chama kinavunjika.

Kuna namba moja ambayo mteja wangu hajawahi kunitumia. Mji unaitangaza, iko wazi kwa anayeitafuta, lakini kwenye jedwali langu haina safu: walio kwenye orodha ya kusubiri. Tunaandika nani yuko darasani, kwa rangi na kwa kipato, mpaka sehemu ya kumi ya asilimia. Wiki jana nilimwandikia mteja nikamuuliza kama naweza kuongeza sentensi moja tu, maneno kumi hivi, kusema ni watoto wangapi waliomba shule hii na hawakupata. Amejibu kwa upole kwamba wasomaji wanataka kujua shule ina nani.

Nami ndilo jambo nililokuwa namwambia. Shule ina hao pia.